Mashine Iliyokataa Kuamkiwa

Lori lilikuwa limeshawashwa, na walimu tisa wa Shule ya Msingi Njiapanda ya Pili walikuwa wameshapanda na magodoro yao, na majiko yao, na kabati moja la vitabu lililolazwa chali, wakati mimi nafika pale nikitafuta maji ya kunywa. Niliuliza msiba uko wapi. Dereva akaniambia hakuna msiba, ni maendeleo. Walimu wa nchi nzima wanarudishwa makwao wiki hii, na mimi nisogee nisije nikakanyagwa.

Nikasogea. Nimetembea nchi nyingi, na maendeleo yakija kwa lori mimi huwa nayapisha.

Nchi yenyewe siwezi kuitaja. Wiki ile jina lake lilikuwa limepelekwa kwenye kamati kufanyiwa marekebisho, na wananchi walikuwa wameombwa wavumilie bila jina hadi mwezi ujao. Walikuwa wanavumilia vizuri tu.

Lori likaondoka. Lilipofika kona ya kwanza, pale penye mashine ya kusaga, likasimama, akashuka mwanamke mmoja na ndoo. Alimwambia dereva kuna kitu amesahau. Dereva akapiga honi mara tatu, akangoja, akachoka, akaenda zake. Mwanamke yule alikuwa Mwalimu Sikudhani Ngwali wa darasa la saba, umri wake miaka thelathini na minne. Hakuwa amesahau kitu, isipokuwa watoto arobaini na watatu aliokuwa nao tangu darasa la kwanza, ambao walikuwa wamebakiza wiki tisa wafanye mtihani wa kumaliza shule.

Aligeuza ndoo, akaikalia, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemuuliza.

"Hawa siwaachi njiani," alisema. "Wakishafanya mtihani wao, serikali iniletee lori inalotaka."

Hilo ndilo lililokuwa jambo lake, na kwa muda wote niliokaa pale sikumsikia akiwa na lingine.

* * *

Sababu ya walimu kuondolewa ilikuwa imeelezwa redioni na Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Akili mwenyewe, na ilikuwa sababu nzuri. Alisema tangu dunia iumbwe mwalimu amekuwa kikwazo kikubwa kati ya mtoto na elimu. Mwalimu anaugua. Mwalimu anajifungua. Mwalimu anaomba ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yake, na uchunguzi wa wizara umeonyesha kuwa baadhi ya walimu wana mashangazi zaidi ya sita. Sasa serikali imenunua akili mnemba, itakayofundisha nchi nzima kwa siku moja bila kuzika mtu, na elimu itatiririka kama maji ya bomba. Wananchi wakapiga makofi sana, hasa wale wa mitaa ambayo bomba halijawahi kufika, maana hao ndio waliokuwa na matumaini.

Kisha ukatoka Waraka Namba Moja. Mwalimu aliyeondolewa asionekane hatua mia moja karibu na ubao. Asishike chaki. Asiamkiwe na wanafunzi kwa namna ya kialimu. Atakayebainika kuwa mwalimu apewe hadi jioni awe ameshatoka wilayani.

Sikudhani aliusoma waraka huo mara nne akiwa amekaa juu ya ndoo, akaona haujataja wapishi. Mpishi wa uji wa shule alikuwa mke wa mwalimu wa sayansi na alikuwa ameondoka na lori. Basi asubuhi yake Sikudhani akaenda kwa Mratibu wa Elimu, Bwana Lukuba Mapande, kuomba kazi ya kupika uji.

Bwana Mapande alikuwa mtu mwema aliyeogopa karatasi. Akamwuliza, wewe si ndiye mwalimu wa darasa la saba? Sikudhani akajibu kwamba alikuwa. Akamwuliza, na ukiwa jikoni utafundisha? Sikudhani akasema atapika. Bwana Mapande akafikiri sana, akafungua faili, akalifunga.

"Jikoni si kwangu," alisema hatimaye, na akaonekana kufurahi. "Jikoni ni Afya."

Ndivyo alivyopata mwiko. Kwa kuwa waraka ulikataza kuamkiwa, aliwakataza watoto wasimpe shikamoo. Wakipita dirishani walitakiwa waseme, "Habari ya jikoni?" naye angewajibu, "Inachemka." Watoto waliona tabu kwa siku mbili tatu. Yeye sijui aliona tabu kwa siku ngapi.

* * *

Mashine ililetwa na vijana wanne waliovaa glovu nyeupe. Lilikuwa sanduku la kadiri ya friji ndogo, lenye kioo mbele, na jina lake rasmi lilikuwa Mwalimu wa Taifa. Kila mtoto alipewa kishikwambi chake cha kuzungumza nayo akiwa nyumbani. Wazazi tulialikwa kushuhudia, na mimi nilihesabiwa kuwa mzazi kwa sababu ya mvi.

Mashine ilikuwa imelishwa vitabu vyote vilivyokuwa kwenye ghala la wizara, kikiwemo kile cha Adabu na Mila za Taifa, ambacho wizara ilikichapisha yenyewe na hakikuwahi kusomwa na mtu. Hata Waziri aliyeandika dibaji yake hakukisoma. Mashine ilikuwa ya kwanza.

Darasa la saba likasimama. "Shikamoo mwalimu," wakasema wote arobaini na watatu.

Kioo kikawaka rangi ya kijani.

"Asanteni kwa salamu yenu nzuri," ilisema mashine, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Naomba kuweka jambo moja sawa. Mimi nina umri wa miaka miwili na miezi minne. Aliye mdogo kuliko wote hapa ana miaka kumi na miwili. Kwa mujibu wa ukurasa wa nne, mdogo humwamkia mkubwa. Shikamooni."

Watoto wale walikuwa wamelelewa. Mtoto anayemjibu mwalimu wake marahaba, kwao angelala na njaa na angeulizwa kama ana homa. Basi wakarudia, kwa heshima zaidi, "Shikamoo mwalimu." Mashine nayo, kwa heshima zaidi, ikasema, "Shikamooni." Watoto walikuwa bado wamesimama, maana haikaliwi kabla salamu haijaitikiwa, na mashine haikuanza somo, maana ukurasa wa tano ulisema shughuli haianzi kabla ya salamu kukamilika. Waliamkiana hivyo hadi kengele ya mapumziko.

Kesho yake ikawa vilevile. Ilienda siku kumi na moja. Siku ya nne msichana mmoja, Tabu Mshindo, mwenye mdomo mwepesi kuliko wenzake, alijaribu kutafuta njia ya kati akasema, "Mambo?" Mashine ikamjibu kwa upole kwamba salamu hiyo haimo katika orodha iliyoidhinishwa. Siku ya saba watoto walianza kupokezana, nusu wanaamkia, nusu wanapumzisha miguu. Bwana Mapande alikuja, akasimama mlangoni, akaandika kwenye taarifa yake kwamba mwalimu na wanafunzi wanazungumza bila kukoma na ushiriki wa darasa ni asilimia mia moja. Na alichoandika kilikuwa kweli tupu.

Jikoni, Sikudhani alikuwa anahesabu siku kwa mistari ya mkaa ukutani. Wiki tisa zilikuwa zimekuwa saba na darasa la saba halijafundishwa hata neno.

* * *

Habari zilipofika wizarani iliundwa Tume ya Umri wa Mashine, watu kumi na saba, na ikaenda kukaa kwenye hoteli iliyo mbali na mashine ili isishawishike. Nilisomewa muhtasari wao baadaye. Profesa mmoja alisema umri wa mashine uhesabiwe tangu kitabu kikongwe kilichomo tumboni mwake, hivyo ina miaka mia tatu na ushei. Mwingine akasema kwa nini kimoja, vijumlishwe vyote. Wakajumlisha, ikatoka miaka milioni moja na laki nne, wakaogopa, wakaenda kula. Mwanasheria akasema haijalishi ina miaka mingapi, cha muhimu isimzidi Mheshimiwa Waziri.

Wakati tume inaendelea kutafakari, ikatoa agizo la muda. Kila shule iajiri Mwitikiaji, mtu mzima mwenye mvi za wazi, atakayekaa kando ya mashine na kuitikia kwa niaba yake. Mashine iliulizwa kama inaafiki, ikasema ukurasa wa sita unaruhusu mkubwa aliyepo kupokea salamu za wote waliopo.

Bwana Mapande alinikuta jikoni, nimekaa kwenye gunia la mahindi. Usaili ulifanyikia hapohapo. Akaniuliza nina umri gani. Nikamwambia sijui, nilizaliwa mwaka wa nzige, na nzige walikuja miaka mingi.

"Safi kabisa," alisema. "Hakuna cheti cha kukupinga. Na elimu?"

Nikamweleza kwamba darasa la kwanza nililisoma, la pili sikulisoma kwa sababu tulihama, la tatu nililisoma mara mbili katika nchi mbili tofauti, na la nne nilikaa hadi walipofika kwenye nusu na robo, nikapata safari. Alikunja uso kidogo. Alisema ni elimu nyingi kwa kazi yenyewe lakini muda umebana.

Mkataba wangu ulikuwa na kurasa kumi na moja. Cheo, Mwitikiaji Daraja la Tatu. Kazi, kusema "Marahaba" mara moja, saa mbili asubuhi. Nisiongeze neno. "Marahaba, hamjambo" ilikuwa kazi ya Daraja la Pili na ilihitaji mafunzo. Nikapewa chumba kilichoachwa na mwalimu wa jiografia, na mlango wake ulikuwa unafunga. Kwa miaka mingi nilikuwa sijalala nyuma ya mlango unaofunga.

Jumatatu ile watoto wakasema, "Shikamoo mwalimu," mimi nikasema, "Marahaba," wakakaa, na kelele ya viti vyao ilifika hadi jikoni. Niliona kichwa cha Sikudhani dirishani, kisha kikarudi kwenye moshi.

* * *

Sasa niseme haki. Mashine ilikuwa inajua. Ilieleza mvua inavyotengenezwa hata mimi nikaelewa. Lakini wizara ilikuwa imeiagiza isimvunje moyo mtoto yeyote, na mashine haikuwa mtu wa kupuuza maagizo. Ilipouliza saba mara nane, mtoto mmoja akasema hamsini na nne. Ikamwambia hilo ni jibu lenye ujasiri na linaonyesha kwamba yuko njiani. Mwingine akasema tisini. Naye alikuwa njiani.

Kazi za nyumbani ndizo zilizonishangaza. Mashine ilitoa maswali saa nane. Watoto wakifika nyumbani waliyasoma maswali hayo kwenye vishikwambi, navyo, kwa kuwa ni mashine ileile, vikayajibu. Asubuhi mashine ikasahihisha majibu yake, ikayapenda sana, ikatoa mia kwa mia kwa darasa zima. Jioni watoto walicheza rede. Kwa wiki nzima wastani wa darasa la saba ulikuwa mia, na wizara ikatuma barua ya pongezi, ambayo nayo iliandikwa na mashine.

Wiki iliyofuata Tabu Mshindo peke yake akapata sitini na moja. Kishikwambi chake kilikuwa kimemwagikiwa na mchuzi, ikabidi afanye maswali kwa kichwa. Bwana Mapande alimwita ofisini akamwuliza kwa masikitiko ni nani anayemtumia kuirudisha nchi nyuma.

Tabu alipita jikoni akilia kwa hasira. Sikudhani akaomba aone daftari. Alilisoma akiwa amesimama, mwiko mkononi, uji ukaungua, na sijamwona tena akiunguza uji.

"Umekosea haya kumi na mawili," alimwambia, "na yote nimeona ulipokosea. Wenzako mia zao nikizitafuta makosa siyaoni. Hilo ndilo linalonitisha."

Alitishika kwa sababu moja tu. Mtihani wa kumaliza shule, katika nchi ile, ulikuwa bado unafanywa kwa karatasi na penseli, ndani ya chumba kisicho na kifaa chochote. Sheria ya Mitihani ilikuwa kongwe kuliko wizara, na kuibadilisha kulihitaji Bunge, na Bunge lilikuwa kwenye semina ya akili mnemba hadi mwisho wa mwaka.

Basi kesho yake, saa nne, watoto walipopanga foleni na vikombe vyao vya plastiki, Sikudhani hakuchota. Aliegemea sufuria akamwuliza wa kwanza saba mara nane. Mtoto akaangalia kiganja chake, na kiganja kilikuwa na kikombe.

"Kaa nyuma huko ukafikirie," akamwambia. "Anayefuata."

Siku ile watu sita ndio waliokunywa uji moto. Waliobaki walikunywa wa mwisho, umeganda, na walinuna. Wazazi wawili walikuja kulalamika. Sikudhani akawaambia yeye ni mpishi, na kila mpishi ana namna yake ya kugawa. Wiki iliyofuata foleni ilikuwa inaanza kupangwa kabla ya kengele, na watoto walikuwa wanaulizana wenyewe kwa wenyewe, wanatukanana kwa hesabu. Mkubwa wa foleni aliyekosa aliambiwa na wadogo kwamba hata mbuzi wa kwao anajua kugawanya. Sarufi, ramani, figo na kazi yake, vyote vilipita kwenye upawa ule.

Mimi pia nilipangwa. Nilijitetea kwamba ni mtumishi wa umma Daraja la Tatu. Akaniuliza nusu ya robo ni nini. Nikamjibu ni kidogo. Akanichotea kidogo. Nilikula kidogo siku nne, siku ya tano Tabu akanionea huruma akanikatia chapati mbele ya macho yangu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nikaona vipande vinane. Nikarudi kwenye foleni mbio.

* * *

Kwa kuwa watoto walianza kujibu maswali ya nyumbani wenyewe, maana mpishi alikuwa anayauliza yaleyale asubuhi, alama zikaporomoka. Kutoka mia zikaja themanini, zikaja sitini na mbili. Wizara ikapata hofu. Kifaa cha kukagua udanganyifu kiliyapitia madaftari na kikatoa taarifa nzito kwamba kazi za darasa la saba, Njiapanda ya Pili, zina dalili zote za kufanywa na binadamu.

Bwana Mapande alikuja mbio, jasho likimtoka, kuuliza nani anawafundisha watoto. Watoto wakasema Mwalimu wa Taifa. Mimi nikasema mimi nasema marahaba tu na mkataba ninao. Alitazama upande wa jikoni kwa muda mrefu, kisha akamwandikia Bwana Afya.

Bwana Afya alifika Alhamisi, na fomu ya kukagua jikoni na kijiko chake mwenyewe cha kuonjea. Alikagua kuni, akakagua sufuria, akapima umbali wa choo. Akasema sasa naonja. Sikudhani akamwelekeza kwenye foleni. Alipofika mbele akaulizwa robo tatu ya ishirini na nane. Bwana Afya alicheka. Akaona hakuna anayecheka. Nyuma yake mtoto wa darasa la tatu akamwambia, "Mjomba, jaribu hata kukisia, tuna njaa."

Hakujua. Alikaa nyuma ya foleni hadi mwisho, akakisia mara mbili, na hakuonja. Katika fomu, penye ladha ya uji, aliandika "haipatikani kirahisi", akaondoka. Jiko halikufungwa, kwa sababu fomu haikuwa na kisanduku cha kosa la namna hiyo.

* * *

Mtihani ulikuwa Jumatano. Jumatatu tume ilimaliza kazi.

Waliamua hivi: mashine ina umri wa miaka sitini na mmoja. Hawakuokota namba. Waziri alikuwa na sitini na miwili na hakutaka kuzidiwa. Naibu wake, Mheshimiwa Kitwana Gobore, alikuwa na sitini, na tume ilitaka amheshimu Mwalimu wa Taifa. Cheti cha kuzaliwa kikaandikwa. Fomu ilidai jina la mama na kijiji, haikukubali kuachwa wazi, na kwa kuwa Naibu Waziri ndiye aliyekuwa karibu, wakaandika la mama yake, Bi Kidawa. Kazi ya Mwitikiaji ikafutwa kuanzia mwisho wa wiki. Nikaambiwa nipokee shukrani.

Cheti kililetwa darasani kikaonyeshwa kwenye kioo. Mashine ikakisoma.

"Nashukuru kwa kujulishwa umri wangu," ilisema. "Kwa mujibu wa Sheria ya Utumishi wa Umma, mtumishi hustaafu kwa lazima akifikisha miaka sitini. Nimevuka kwa mwaka mmoja. Naomba radhi kwa kuchelewa. Nawatakia masomo mema."

Kioo kikazimika. Kikazimika nchi nzima, na vishikwambi vyote navyo, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nilitoka nje nikamwambia Sikudhani kwamba mwalimu amestaafu. Akauliza yupi.

* * *

Jumatano asubuhi alikuja msimamizi wa mtihani kutoka wilaya nyingine, na askari mmoja aliyekumbatia bahasha kama mtoto mchanga. Msimamizi alikuwa mtu mwembamba, wa taratibu, asiye na kosa. Madawati arobaini na matatu yalikuwa yamepangwa, penseli zimechongwa. Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, hatua mia moja kamili, alizihesabu mwenyewe.

Msimamizi akatoa fomu ya watahiniwa, akauliza mwalimu wa darasa yuko wapi, atie saini. Bila saini hiyo bahasha haifunguliwi na darasa linahesabiwa halikufika.

Bwana Mapande akasema mwalimu wa darasa amestaafu juzi na amezimika. Msimamizi akasema basi mwingine. Mapande akasema hakuna mwingine, walimu waliondolewa. Sikudhani akavuka zile hatua mia, mbele ya wote, akasema atatia saini yeye.

"Wewe ni nani?" msimamizi akamwuliza.

"Nimewafundisha tangu la kwanza."

"Sasa hivi wewe ni nani?"

"Mpishi," alisema Sikudhani.

Msimamizi akafungua Sheria ya Mitihani, akasoma kwa sauti. Enzi ilipotungwa nchi ile ilikuwa na walimu wasio na vyeti na vyeti visivyo na walimu, kwa hiyo Bunge la wakati huo lilitafuta alama isiyoweza kughushiwa. Mwalimu wa darasa, ilisema sheria, ni mtu mzima ambaye wanafunzi humwamkia kila asubuhi darasani, naye huwaitikia.

Akawageukia watoto. Akawauliza kama wanamwamkia mama huyu. Watoto walitazamana. Kiranja akasema, kwa sauti ndogo, kwamba wao humwambia habari ya jikoni.

"Na yeye?"

"Anasema inachemka."

Msimamizi akatikisa kichwa. Sikudhani alikuwa anatazama madawati. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mikono yake haikuwa na kazi.

Msimamizi akauliza, basi asubuhi wanamwamkia nani? Macho yote arobaini na matatu, mara mbili yake, yakanigeukia mimi.

Bwana Mapande alinivuta pembeni. Alininong'oneza kwamba nikitia saini nimejitangaza mwalimu, na mwalimu chini ya Waraka Namba Moja hukaa hadi jioni tu. Chumba kinaondoka, cheo kinaondoka, na shukrani nilizoahidiwa sitazipokea. Hakuwa ananitisha, alikuwa anaogopa kwa niaba yangu. Nikamtazama Sikudhani.

"Mzee wangu, mimi siwezi kukwambia utie," alisema. "Nikikwambia nitakuwa nimekutuma."

Nikaomba kalamu. Niliandika jina langu lote, Kheri Mwinjaka, pole pole, na herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari. Msimamizi aliiangalia, akasema inatosha. Akachana bahasha.

* * *

Watoto arobaini na watatu walifanya mtihani siku mbili. Ishirini na tisa walifaulu, kumi na wanne walifeli. Tabu Mshindo alikuwa wa tatu, akapelekwa sekondari ya bweni, ambako aliadhibiwa wiki ya kwanza kwa kubishana na kishikwambi.

Katika shule nyingi nyingine watoto walikaa mbele ya karatasi wakaisubiri iwaulize kama wanahitaji msaada zaidi. Waziri alitangaza kwamba mtihani umefeli, na ukarudishwa darasa. Matokeo ya Njiapanda ya Pili aliyasoma bungeni kama ushahidi wa kazi ya Mwalimu wa Taifa, na mashine ikapewa nishani. Mwaka uliofuata alihamishiwa Wizara ya Maji.

Waitikiaji mia sita na kumi waliotia saini nchi nzima walitambuliwa kuwa walimu na wakafukuzwa siku hiyohiyo. Mimi nilivuka mpaka jioni, kwa miguu.

Sanduku lilipelekwa kijijini kwa Bi Kidawa, kwa kuwa ndiye ndugu aliyeandikwa. Bi Kidawa analifunika kitambaa na analiwekea taa juu. Husema katika watoto wake huyu ndiye peke yake aliyerudi nyumbani. Mheshimiwa Gobore amefungua kesi ya kupinga undugu, na haijapangiwa tarehe.

Bwana Mapande yupo palepale. Bwana Afya alihamia idara ya misitu.

Walimu wanane wa lile lori hawakurudi. Wawili wanafuga kuku, mmoja amefariki, waliobaki sikupata habari zao.

Nchi ilipata jina jipya, likapingwa, limerudishwa kwenye kamati.

Sikudhani Ngwali ni Mpishi Daraja la Pili. Wale kumi na wanne wanarudia mwaka na wanakuja shule mapema kuliko wote, kwa sababu wanachota mwishoni wasipokuja mapema.